Maharage mia moja na vikombe vinne: historia ya kupima uzito wa kazi

Kule Ilembo, Mpanda mjini, kuna nyumba moja ya kupanga ambayo huwa nafikia kila likizo. Vyumba viwili vya mbele wanakaa walimu wawili wa shule moja ya msingi. Asubuhi wanaondoka pamoja, jioni wanarudi pamoja, na chaki ileile imewajaa mikononi. Mmoja ni mama wa makamo, ana cheti cha ualimu, anafundisha darasa la kwanza. Mwingine ni kijana mwenye digrii ya ualimu wa masomo ya sanaa. Alitegemea kufundisha sekondari, lakini serikali ilipowahamishia shule za msingi walimu wa sanaa waliozidi, naye akajikuta huko. Sasa yuko darasa la sita.

Mama aliajiriwa kwa ngazi ya TGTS B. Kijana aliajiriwa kwa TGTS D. Kwa asiyejua, hizo ni ngazi za mishahara ya walimu wa serikali: B ni ya kuanzia kwa mwenye cheti, C kwa mwenye diploma, D kwa mwenye digrii. Tofauti si ya kununulia vocha tu.

Jioni moja wakabishana barazani. Mama akasema, "Mdogo wangu, mimi nina watoto zaidi ya mia, nusu yao hawajawahi kushika penseli. Wewe unapewa watoto ambao mimi nimeshawafundisha kusoma. Sasa nani anafanya kazi hapo?" Kijana akajibu kwa heshima, lakini hakurudi nyuma: "Dada, mimi nimekaa miaka mitatu chuo kikuu, na bodi ya mikopo inanikata asilimia 15 kila mwezi. Hiyo atanilipa nani?"

Mimi nasoma takwimu, kwa hiyo wakanigeukia kana kwamba nina jibu mfukoni. Sikuwa nalo. Ila nilijua kwamba swali lao lina historia ndefu, tena sehemu yake kubwa imetokea hapahapa Afrika Mashariki: je, mshahara unamlipa mtu au unailipa kazi? Na kama unailipa kazi, nani aliipima, na kwa mizani gani?

Reli ya mgodi na mishahara ya rangi

Stesheni ya Mpanda haikujengwa kwa ajili ya abiria wa Tabora. Tawi la reli kutoka Kaliua, kama kilomita 210, lilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi wa Mukwamba, uliokuwa wa kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki, na mji ukabaki.

Fikiria kazi zilizokuwepo Tanganyika ya wakati huo kwenye reli, migodini na kwenye ofisi za serikali: mhandisi, stesheni masta, karani, fundi, mpimaji, tarishi, kibarua wa kupakia mizigo. Leo mtu akitaka kujua kila mmoja alilipwaje atauliza: alisoma kiasi gani, alisimamia nini, alifanya kazi juani au kivulini? Zama zile swali la kwanza lilikuwa jingine kabisa: ni Mzungu, Mhindi au Mwafrika? Serikali ya kikoloni ilikuwa na ngazi za mishahara zilizotengwa kwa rangi. Vyeo vya juu vilikuwa vya Wazungu, vya katikati vingi vilikuwa vya Waasia, na vya chini vya Waafrika. Waliosoma walianza kulalamika mapema sana. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali kule Tanga. Kayamba mwenyewe alipanda hadi kuwa mmoja wa Waafrika wa vyeo vya juu zaidi serikalini, na bado ngazi ya mshahara wake ilikuwa ya Mwafrika.

Baada ya vita kuu ya pili mambo yakachemka. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda na reli kuelekea bara. Katika kipindi hichohicho Uingereza iliunda tume ya kuangalia utumishi wa serikali katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mwenyekiti wake alikuwa Sir Maurice Holmes, na ripoti ikatoka mwaka 1948.

Ripoti ya Holmes naiona kuwa moja ya nyaraka za ajabu kabisa katika historia ya mishahara. Kwa upande mmoja ilikubali kwamba Mwafrika anaweza kushika cheo ambacho hadi wakati huo kilikuwa cha Mzungu. Kwa upande mwingine ilipendekeza kwamba akishika cheo hicho alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu. Yaani chukua kwa mfano wa hesabu tu: cheo ambacho Mzungu analipwa pauni 500, Mwafrika mwenye sifa zilezile, mezani palepale, kwa mafaili yaleyale, anawekwa kwenye 300. Sababu zilizotolewa? Kwamba Mwafrika, hata mwenye elimu sawa, yuko nyuma katika kuwajibika, katika kupima mambo na katika kiasi cha kazi anachotoa.

Ukiitazama kwa jicho la takwimu, ile tatu ya tano ni uzito. Ni 0.6 inayozidishwa kwa kila kitu baada ya kazi kuwa imeshapimwa. Hakuna aliyeipata kwa kupima kazi ya mtu yeyote. Iliwekwa juu ya mtu, halafu ikavaa koti la ripoti rasmi yenye majedwali.

Haikudumu. Tume nyingine, ya Sir David Lidbury, ilitoa ripoti mwaka 1954 ikapendekeza ngazi moja ya mishahara bila kutaja rangi, huku wanaotoka ng'ambo wakiongezewa posho ya kuwashawishi waje. Rangi ikatoka kwenye jedwali. Lakini jedwali lenyewe, pengo kati ya aliye juu na aliye chini, lilibaki na umbo lake la zamani. Vyeo vya juu vilikuwa vimepangiwa mishahara ya kumvuta Mwingereza aache kwao. Tutalirudia hili tukifika mwaka 1966.

Wakati huohuo, Marekani

Wakati Kayamba na wenzake wakiandika barua za malalamiko, wenye viwanda wa Marekani walikuwa na kichwa chao kinauma. Kiwandani kuna kazi mia mbili tofauti, kila msimamizi anampa mtu wake anachotaka, na wafanyakazi wanajua nani anapata nini. Ugomvi hauishi. Miaka ya 1920 Merrill Lott akaja na wazo la kuipa kila kazi alama kwa vigezo, kila kigezo na uzito wake, kisha kujumlisha. Mwaka 1926 Eugene Benge, aliyekuwa kampuni ya usafiri wa mjini Philadelphia, akaja na njia yake: chagua kazi chache ambazo kila mtu anakubali zinalipwa sawasawa, zigawe senti zake kwa vigezo vitano, kisha zilinganishe nyingine zote na hizo.

Miaka ya 1930 chama cha watengeneza vifaa vya umeme, NEMA, kikatoa mpango ulioenea viwandani kuliko mingine yote. Ulikuwa na vigezo 11 katika makundi manne. Ujuzi ulipewa asilimia 50, juhudi 15, wajibu 20, mazingira ya kazi 15. Na ndani ya ule ujuzi kuna jambo ambalo nadhani lingemfurahisha sana yule mama wa Ilembo: elimu ilipewa 14, lakini uzoefu ulipewa 22. Nyingine 14 zilikuwa za uwezo wa mtu kuamua mwenyewe bila kusubiri kuambiwa. Yaani kiwanda cha Marekani cha miaka ya 1930 kilihesabu miaka ya kushika kazi kuliko miaka ya kukaa darasani.

Vita vilipokuja, serikali ya Marekani ilizuia kupandisha mishahara ovyo, lakini iliruhusu kurekebisha tofauti zisizo za haki ndani ya kiwanda kimoja. Kampuni zikakimbilia tathmini ya kazi, maana ndiyo ilikuwa njia ya kuonyesha kwamba tofauti ipo kweli.

Tufanye hesabu

Maelezo matupu hayatoshi, tuweke namba. Chukua kituo cha afya cha kufikirika, popote Katavi, chenye kazi tatu: mhasibu msaidizi, dereva wa gari la wagonjwa, na mkunga. Kamati imekaa, imesoma majukumu ya kila kazi (ya kazi, si ya mtu anayeishika, hili ni la msingi sana), na imetoa alama kati ya 1 na 10.

Mhasibu msaidizi: ujuzi 8, juhudi 3, wajibu 6, mazingira 2.
Dereva: ujuzi 4, juhudi 6, wajibu 7, mazingira 8.
Mkunga: ujuzi 7, juhudi 8, wajibu 8, mazingira 7.

Dereva amepata 8 kwenye mazingira kwa sababu usiku wa masika, barabara ya vumbi ikiwa tope, na mama mwenye uchungu yuko nyuma, si mahali pa starehe. Unaweza kubishana na alama zangu, ni haki yako. Sasa tumia uzito wa NEMA, 50, 15, 20, 15. Zidisha kila alama kwa uzito wake, jumlisha.

Mhasibu: 400 + 45 + 120 + 30 = 595.
Dereva: 200 + 90 + 140 + 120 = 550.
Mkunga: 350 + 120 + 160 + 105 = 735.

Mkunga juu, mhasibu wa pili, dereva wa tatu. Watu wengi wataona sawa, maana ndivyo walivyozoea. Sasa usiguse alama hata moja. Toa pointi kumi tu kwenye uzito wa ujuzi uzipeleke kwenye mazingira: 40, 15, 20, 25.

Mhasibu: 320 + 45 + 120 + 50 = 535.
Dereva: 160 + 90 + 140 + 200 = 590.
Mkunga: 280 + 120 + 160 + 175 = 735.

Umeona? Dereva amempita mhasibu kwa pointi 55. Hakuna aliyefanya kazi zaidi, hakuna aliyerudi shule, hakuna alama iliyobadilika. Mkunga yeye hakutikisika, kwa sababu alama yake ya ujuzi na ya mazingira ni sawa, 7 na 7, kwa hiyo kuhamisha uzito kutoka moja kwenda nyingine hakumgusi.

Mezani kwenye kamati watu hubishana nusu siku kuhusu alama. Dereva apate 7 au 8? Huwa nasikia hadithi za vikao vya namna hiyo kutoka kwa wenzangu wanaofanya kazi za rasilimali watu, na karibu zote ni za alama. Uzito huwa umekuja tayari, umechapwa kwenye kijitabu cha mshauri, na watu wanaupita kama wanavyopita jalada.

Je, huo uzito hutoka wapi? Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza, wakubwa wanakaa na kuamua: sisi kwenye taasisi hii tunathamini hiki kuliko kile. Ya pili inaonekana ya kisayansi zaidi, na mimi mwanzoni niliipenda kwa sababu ni takwimu tupu. Unachukua mishahara iliyopo, unachukua alama za kazi, halafu unatafuta uzito ambao ukizidishwa utatoa mishahara ileile kwa karibu iwezekanavyo. Kompyuta inafanya kwa sekunde.

Tatizo ni kwamba njia hiyo inaanza kwa kuamini kwamba mishahara iliyopo ni ya haki. Hebu ifanye Tanganyika ya mwaka 1948. Kazi za jua, vumbi, mizigo na hatari zilikuwa za Waafrika, na zililipwa kidogo sana. Kazi za meza na karatasi zilikuwa za wengine, na zililipwa vizuri. Ingiza hayo kwenye hesabu. Itakujibu kwa utulivu kabisa kwamba juhudi za mwili na mazingira magumu havina thamani, na kwamba karatasi ndiyo kila kitu. Rangi haitaonekana popote kwenye jedwali. Itakuwa imejificha ndani ya uzito. Na miaka 50 baadaye, mtu atakayeutumia uzito huo hatajua kabisa kwamba anarithi ile tatu ya tano. Hata njia ya Benge ina mlango huo: zile kazi chache ambazo "kila mtu anakubali zinalipwa sawasawa", nani aliulizwa?

Sisemi kwamba NEMA walipanga hivyo. Nasema mizani yoyote iliyosawazishwa kwa mishahara ya zamani hupima zamani.

Mpishi wa Birkenhead

Upande wa pili upo pia, na si haki kuuacha. Mizani hiyohiyo inaweza kumkomboa mtu. Mwaka 1951 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 100 wa malipo sawa kwa wanaume na wanawake kwa kazi zenye thamani sawa. Siyo kazi ileile, bali thamani ileile. Neno "thamani" ndilo linalolazimisha kupima, maana huwezi kusema mpishi na seremala ni sawa au si sawa bila kuwa na mizani.

Julie Hayward alikuwa mpishi wa kantini kwenye kiwanda cha meli cha Cammell Laird, Birkenhead, Uingereza. Alidai alipwe sawa na wanaume watatu wa kiwanda hichohicho: mpaka rangi, seremala, na fundi wa kufunika mabomba yasipoteze joto. Mtaalamu huru akapima kazi zote kwa vigezo, na mwaka 1984 baraza la kazi likakubali kwamba thamani yake ni sawa na ya wale watatu. Kampuni ikapinga, ikisema anapata chakula cha bure na faida nyingine. Kesi ikafika mahakama ya juu kabisa, na mwaka 1988 akashinda. Bila jedwali la vigezo asingekuwa na cha kushika, angebaki kuambiwa kwamba jikoni ni jikoni tu.

Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 2002, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamtaka kila mwajiri achukue hatua za kuhakikisha malipo sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Sheria iko wazi. Ila mwajiri mdogo wa Mpanda mwenye wafanyakazi kumi na wawili, sijui kama kuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kupima.

Baada ya uhuru

Turudi kwenye lile jedwali la Lidbury lililobaki na pengo lake. Uhuru ulipokuja, Waafrika waliingia kwenye viti vya juu, na mishahara ya viti hivyo ikaja navyo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na makato ya mishahara yaliyokuja nayo. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza palepale kwamba mshahara wake yeye anaukata kwa asilimia 20. Mishahara ya wakubwa wengine serikalini nayo ikakatwa. Wengi hukumbuka zaidi kwamba wanafunzi walifukuzwa. Kwa mada yetu, kilichotokea ni kwamba rais alitamka hadharani kuwa vyeo vya juu vimepewa thamani kupita kiasi.

Mwaka uliofuata lilikuja Azimio la Arusha, na pia ripoti ya Profesa Turner kutoka Shirika la Kazi Duniani kuhusu mishahara na bei. Mashirika ya umma nayo yakawekewa kamati ya kudumu, iliyojulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, SCOPO, ili shirika moja lisilipe kufuru huku jingine likilipa kiduchu kwa kazi ileile. Wazee waliofanya kazi kwenye mashirika miaka ya 1970 na 1980 ukiwatajia SCOPO watakupa hadithi za jioni nzima.

Kwa serikali yenyewe, nyaraka kuu ikawa muundo wa utumishi: kitabu kinachosema cheo hiki kinahitaji elimu hii, kina majukumu haya, na kinapanda baada ya miaka hii. Ni mfumo safi, unaeleweka, na hauna upendeleo wa uso. Lakini angalia kigezo kinachofungua mlango: cheti. Mwalimu wa cheti na mwalimu wa digrii wakisimama kwenye shule moja, muundo haumuulizi yeyote kati yao darasa lake lina watoto wangapi. Kuanzia mwaka 2015 serikali iliendesha zoezi kubwa la tathmini ya kazi na kupanga upya madaraja ya watumishi wa umma, na watumishi walitajiwa sana kwamba maslahi yataboreshwa kwa kufuata matokeo yake. Kwa walimu, barua za ngazi bado zinaanza na B, C na D.

Kenya walithubutu kuligusa hilo, na moto ukawaka. Katiba ya 2010 iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, na tume hiyo ikapima kazi za umma kwa njia ya Paterson. T. T. Paterson alikuwa Mskoti aliyewahi kuwa mwanaakiolojia, na jibu lake kwa ugomvi wa uzito lilikuwa la kukata mzizi: tumia kigezo kimoja tu, uzito wa maamuzi yanayofanywa kwenye kazi hiyo. Kazi zinapangwa kwenye makundi A hadi F. Ndiyo maana walimu wa Kenya leo wana madaraja kama B5, C2 au D3.

Kwa kigezo cha maamuzi, mkuu wa shule akapanda, kwa sababu anaamua mengi. Na mwalimu aliyejiendeleza akapata digrii huku akifundisha darasa lilelile akaambiwa: kazi yako haijabadilika, kwa hiyo daraja halibadiliki. Kwenye miundo ya zamani digrii ilimpandisha. Chama cha walimu, KNUT, kikaenda mahakamani kutetea miundo hiyo, na mwezi Julai 2019 kikashinda. Ushindi mchungu: mwajiri akasema basi, anayefuata miundo ya zamani hawezi kupata nyongeza ya makubaliano mapya yaliyojengwa juu ya tathmini mpya. Wanachama wa KNUT wakaona nyongeza imeondolewa kwenye hati zao za mshahara, na maelfu wakakihama chama. Shule moja, chumba kimoja cha walimu, hesabu mbili za mishahara.

Kwa hiyo yule kijana wa Ilembo, angekuwa Kenya, digrii yake peke yake isingembeba kwenye mfumo mpya. Na yule mama asingefurahi pia, maana kumfundisha mtoto kusoma si "uamuzi" kwa kipimo cha Paterson.

Barazani tena

Niliwaeleza sehemu ya haya, kwa ufupi, maana giza lilikuwa linaingia. Halafu nikaomba maharage jikoni, nikahesabu mia moja, nikaweka vikombe vinne: ujuzi, juhudi, wajibu, mazingira. Kwanza wakakubaliana alama za kazi mbili, mwalimu wa la kwanza na mwalimu wa la sita. Hapo walisumbuana kidogo kwenye ujuzi. Mama alisema kumfundisha mtoto kusoma kwa mara ya kwanza ndiyo ujuzi mgumu kuliko wote shuleni, akataka 8. Mwishowe akakubali 6 kwa shingo upande. Kisha kila mmoja akagawa maharage peke yake, mwenzake akiwa ameangalia pembeni.

Kijana aliweka 60 kwenye ujuzi, 10 juhudi, 20 wajibu, 10 mazingira. Kwa mizani yake, la sita 730, la kwanza 680. Mama aliweka 30 ujuzi, 30 juhudi, 25 wajibu, 15 mazingira. Kwa mizani yake, la kwanza 755, la sita 670. Alama zilezile walizokubaliana dakika kumi kabla.

Kijana aliitazama ile karatasi muda mrefu, kisha akauliza kama vyeo vya ofisi ya elimu vikipimwa kwa maharage ya mama vitakuwaje. Tukacheka. Mama hakucheka sana. Alikuwa anageuza kikombe kitupu mkononi, akasema hivi vinne havitoshi, anataka cha tano, cha idadi ya watoto. Nikamwambia kwenye orodha za vigezo nilizozisoma hicho sijakiona. Akasema, "Basi waliotunga hawakuwahi kufundisha la kwanza," akakusanya maharage yake akaenda kuyaloweka.